Nyanya za Uzi wa Kijani

Fundi cherehani huyu walimwita Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata akienda kulala. Alikuwa na mke asiyerudi nyuma na dada mwenye kupenda neno la mwisho. Wawili hao wakigongana, nyasi zinazoumia ni yeye.

Safari hii waligombea kiwanja kidogo cha nyuma ya nyumba. Kilikuwa urithi wa fundi na dada yake, na mke wa fundi alikuwa amekigeuza bustani. Dada alitaka vijengwe vyumba vya kupangisha.

"Wifi," mke akamwambia, "njoo Jumapili ule kwangu. Hakitanunuliwa kitu sokoni, hata kitunguu. Ukitoka na njaa, jenga."

Dada akakubali papo hapo.

Tatizo, kiangazi kilikuwa kimepamba moto. Fundi alichungulia bustanini akakuta mboga zimebaki vijiti na minyanya imekauka hadi shinani. Mkewe hakuwa na wasiwasi. Alikuwa jikoni anaimba. Msimu mzima wa mavuno alikuwa akikata mboga na nyanya, akichemsha, akianika na kujaza machupa, mpaka fundi akalalamika kuwa ndani hana pa kuweka hata mkasi. Kwa fundi, chakula ni kile kibichi kinachoonekana shambani. Hayo makavu aliyahesabu sawa na vipande vya kitambaa vinavyobaki baada ya kushona: unavitunza, lakini huvai.

Basi hofu ikamwingia. Jumapili asubuhi akanyata hadi sokoni, akarudi na mfuko wa nyanya nyekundu. Akachukua uzi wa kijani akazifunga moja moja kwenye ile minyanya mikavu, kwa fundo lile lile analofungia vifungo vya makoti. Kazi ilitoka safi, na akajipongeza kimoyomoyo.

Dada alipofika hakuketi. Alipitiliza nyuma moja kwa moja.

"Mh. Kumbe zipo," akasema, akavuta nyanya moja.

Nyanya ikaja na uzi, uzi ukaja na mnyanya mzima, mizizi na vumbi lake.

"Mdogo wangu," dada akauliza taratibu, "siku hizi nyanya zinashonwa?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya fundi haikufika hata mlango wa jikoni. Mkewe alikuwa amesimama pale, mwiko mkononi. Aliutazama uzi, akamtazama mumewe, na wimbo ukakatika. Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Heri angetukanwa.

"Wifi, nilisema hakitanunuliwa kitu, na kimenunuliwa," mke akasema. "Ukitaka kujenga, jenga. Lakini chakula kimeiva, kaa kwanza ule."

Wakakaa, sufuria zikafunuliwa. Palikuwa na maharage ya mavuno yaliyoungwa kwa nyanya kavu. Palikuwa na mboga za majani zilizoanikwa kivulini, zikalowekwa, zikakaangwa na vitunguu vilivyokuwa vikining'inia juu ya jiko. Boga lilikuwa limeshushwa kutoka juu ya kabati, na pembeni zilikaa ndimu za chumvi za kwenye chupa. Dada alianza kula kwa adabu, akaendelea kwa bidii, kisha akajipakulia tena bila kukaribishwa na kulivuta bakuli la mboga upande wake.

"Nyanya gani hizi, tamu namna hii?"

"Jua hilo, wifi. Maji yametoka, utamu umebaki."

Dada akafuta sahani kwa kidole, jambo ambalo fundi hakuwahi kumwona akilifanya tangu utotoni.

"Kwangu mimi, mwenye genge la mboga asipofungua, tunalala na chai," akasema hatimaye. "Vyumba tutatafuta pa kujenga pengine. Hapo nyuma pasiguswe." Akamgeukia ndugu yake. "Na wewe umeokolewa na mkono wa mkeo. Ulijue hilo."

Akaondoka na machupa mawili kwapani. Fundi akakunja mikono ya shati na kuanza kuosha vyombo bila kutumwa. Mkewe akaja kusimama kando yake na kitambaa cha kufutia.

"Sikukuamini," fundi akasema. "Nisamehe."

"Najua. Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Basi acha tumbo litangulie kuamini," mke akasema, akimpokea sahani. "Moyo utalikuta njiani."