Meli Iliyobeba Gari la Nolfa

Nolfa Arancibia alikuwa mkunga katika hospitali ya Curicó kwa miaka thelathini na mmoja, na kumi na miwili ya hiyo mimi na yeye tulikuwa zamu moja. Simjui mtu mwingine anayeuliza maswali kama yeye. Ukimwambia jino linakuuma, atataka kujua ni lipi, lilianza saa ngapi, na ulikuwa unatafuna nini. Kwa hiyo alipoagiza gari jipya, lile la haibridi ambalo unalitia petroli na pia unalichomeka kwenye umeme, na dada wa dukani akamwambia litafika baada ya siku sitini hadi tisini, sisi wote tulimwonea huruma dada yule.

"Sasa hivi liko wapi?" Nolfa alimpigia wiki ya kwanza tu.

"Liko njiani, mama."

"Njia ipi? Hata mimi niko njiani, mwanangu. Nakwenda kununua mkate."

Alimpigia Jumatatu, akampigia Alhamisi. Mwishowe dada, aliyeitwa Yasna, akasalimu amri: akampa namba ya chesi, ile inayolitambulisha gari, na jina la meli, Bai He. Nolfa akaweka kwenye simu yake ramani ile inayoonyesha meli zote duniani kama vishale vidogo, akakipata kishale chake katikati ya bahari ya Pasifiki.

Kuanzia siku hiyo hatukunywa chai kwa amani. Kabla hujapaka parachichi kwenye mkate, simu iko mbele ya pua yako. Tulijua kwamba meli ile ina sitaha kumi na mbili, kwamba haina hata dirisha ubavuni, kwamba inakwenda kwa mwendo wa pikipiki iliyochoka. Ilipotia nanga Meksiko, Nolfa alitaka kujua wanateremsha nini. Ilipokatiza mstari wa ikweta alileta keki.

"Mkunga mzima unashindwa kungoja?" nilimtania.

"Nangoja vizuri sana. Ila nataka kujua mtoto amelalaje."

Kisha Jumanne moja kishale kikaacha kuja. Kilikuwa nje kidogo ya bandari ya San Antonio, karibu kabisa, lakini hakikuingia. Kilizunguka pale pale siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Yasna hakuwa na habari. Nolfa aliikodolea macho simu kama mtu anayesoma matokeo ya maabara asiyoyaelewa.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye angejua, nasi sote tulimfahamu. Kaka yake, Eleuterio, alifanya kazi katika bandari ile ile, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kuyatoa magari mapya melini na kuyapanga uwanjani. Lakini walikuwa hawajasemezana kwa miaka minne. Siku mama yao alipozikwa, Eleuterio alifika saa moja jioni, watu wameshatoka makaburini na wanakula. Nolfa akamwambia mbele ya wote, "Meli zako zina thamani kuliko mama." Eleuterio aligeuka mlangoni, akaondoka bila kukaa.

"Mpigie," nikamwambia.

"Nimwambie nini?"

"Muulize habari za meli. Hilo si swali?"

Akapiga tukiwa chumba cha wauguzi, simu mezani, spika imewashwa.

"Ni mimi," akasema.

Sauti nzito ikajibu: "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nataka kukuuliza kuhusu meli."

Tukasikia mtu anacheka mpaka anakohoa. "Wewe? Meli? Haya, uliza, mdogo wangu."

Ilikuwa mawimbi tu. Bandari ilifungwa tangu Jumatatu, hata simba wa bahari, wale wanyama wanaozagaa soko la samaki, wamepanda juu ya ukuta. Basi ningedhani mazungumzo yameisha, lakini Nolfa alikuwa ameshafunguka. Meli ina magari mangapi? Kama elfu mbili na mia nane. Madereva wangapi? Arobaini. Ukishaliegesha moja unarudije melini? Kuna kigari kinatuzoa. Na ndani kukoje? Joto, giza, na magari yamebanana, unatoka kwa kujikunja.

"Na simu unaweka wapi?"

"Kwenye kabati, langoni. Ni marufuku kuingia nayo. Watu waligonga magari wakiandika ujumbe."

"Zamu nzima?"

"Zamu nzima."

Nilimwona Nolfa akikunjakunja kona ya aproni.

"Hata siku ya mama?"

"Mazishi yalipangwa kuwa Alhamisi, Nolfa. Wewe ukaandika kwamba padri ameyasogeza, yawe Jumatano saa sita. Uliandika siku hiyo hiyo, saa mbili asubuhi. Mimi nilifungua kabati saa kumi jioni. Nilikuja na ovaroli yangu ya kazi, hukuiona?"

"Niliiona. Nikasema hata nguo hakubadilisha." Akaiachia aproni. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nikatoka nikafunga mlango. Walizungumza zaidi ya saa nzima, na mimi nikahudumia wodi mbili peke yangu bila kunung'unika.

Ijumaa bahari ikatulia, Bai He ikaingia. Eleuterio alikuwa ameiandika namba ya chesi kwenye kiganja. Alifanya zamu mbili mfululizo, akisoma namba iliyo kwenye kila kioo cha mbele kabla ya kuwasha gari, na hakulikuta. Jumapili asubuhi alilipata uwanjani, safu ya thelathini na moja. Lilikuwa limeshateremshwa na mwenzake, Maturana. Picha zimekatazwa, kwa hiyo alipotoka zamu ilibidi amsimulie Nolfa kwa mdomo.

"Kijani. Lakini si kama ulivyosema, ni rangi ya zeituni zaidi. Viti bado vimefunikwa nailoni. Linanuka kiatu kipya. Mita inasema kilomita tisa."

"Tisa! Nani amekwenda nalo kilomita tisa?"

"Kiwandani wanalijaribu. Halafu mpaka gatini kwao, halafu melini. Mita mia tano za mwisho ni za Maturana."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Miguu inanuka, ila breki anakanyaga vizuri."

"Umeligusa?"

"Ni marufuku."

"Eleuterio."

"Taa ya nyuma. Kidogo tu."

Wiki tatu baadaye lilikuja na namba zake, na mimi ndiye niliyeketi kando ya Nolfa alipolitoa dukani. Hakuelekea nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja San Antonio, mwendo wa saa tatu, mpaka mtaa wa juu kilimani, ambako Eleuterio alikuwa amesimama nje na shati la pasi. Walikumbatiana vibaya, kama watu waliosahau mkono upi unapita juu. Tulikula samaki wa kukaanga. Waya wa kuchajia haukufika kwenye soketi yake, ukapitishwa dirishani kwa jirani, Bi Uberlinda, aliyesimama akiulinda.

"Hili linakula umeme wangu mpaka lini?"

"Mpaka lishibe, mama," Eleuterio akamjibu.

Jioni Nolfa akampa kaka yake ufunguo. Yeye akautazama tu.

"Miaka ishirini na mbili naendesha magari mapya," akasema. "Hakuna hata moja lililovuka uzio."

"Basi vuka."

Akashuka kilima polepole, akashika barabara ya pwani kuelekea Cartagena, mji wa jirani. Gari halikutoa sauti kabisa, na hilo lilimtia wasiwasi.

"Limezimika?"

"Limo kwenye umeme."

"Petroli inaanza lini? Linaamuaje? Na hiki kitufe ni cha nini?"

"Sijui," Nolfa akasema. "Bonyeza tuone."

Akabonyeza. Vifuta vya kioo cha nyuma vikaanza kucheza juu ya kioo kikavu, na hakuna kati yetu aliyejua namna ya kuvizima.