Mkia wa Kibonyezo

Niliingia karakana ile kupisha mvua, nikakaa mpaka kesho yake. Ndivyo nilivyo, nikipewa kiti nasahau safari. Mwenye karakana ni mwanamke wa makamo, fundi wa ala za kupulizwa. Mezani palikuwa na filimbi kuukuu ya mpingo, mali ya shangazi yake, yenye vibonyezo vya fedha. Ukibonyeza mkia wa kibonyezo, kifuniko chake chenye ngozi kinainuka, tundu linafunguka. Ukiachia, springi inakirudisha.

Shangazi alikuwa papo hapo, vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi. Kile cha mwisho, mkono wa kushoto, hakikufika tena kwenye mkia. Alikuwa ameacha kupuliza, na kuacha kulikuwa kunamla; sasa alitaka kibonyezo kirekebishwe kifuate kidole chake.

"Nikiigusa fedha hii, Shangazi, haitakuwa tena ya kale."

"Na mimi je, ni wa jana? Mbona unanigusa kila asubuhi kunivisha viatu?"

Fundi akacheka bila kutaka. Akapaka nta laini kwenye ufito wenye unene wa filimbi, akampa.

"Shika kama unapuliza. Usijikaze."

Shangazi akajikaza.

"Unanidanganya. Nikifuata alama hiyo, nitatengeneza filimbi ya mkono usiokuwepo."

"Mbele ya mgeni unataka nishike kama bibi kizee?"

"Kwani wewe ni nani?"

Nikageukia dirishani. Nilipotazama tena, nta ilikuwa na alama: kidole kilitua upana wa ukucha kutoka pale ambapo mkia ungekuwa.

Fundi akachomoa pini, akatoa kibonyezo, maana moto wa lehemu ungeunguza mti. Hakukata kitu. Aliongeza ulimi mdogo wa fedha, akaukunja kufuata alama, akakirudisha mahali pake. Akaijaribu filimbi mwenyewe. Ikakoroma, maana kidole chake kizima kilikuwa kinaukalia ulimi bila kukusudia.

"Nimeiharibu," akasema, uso umemshuka.

Shangazi akamnyang'anya. Sauti ya kwanza ilikuwa upepo mtupu. Ya pili ikapanda, nyembamba, ikasimama. Kidole cha mwisho kikashuka chenyewe, tundu likafunguka.

"Hukuiharibu. Imekukataa wewe tu."

"Na siku ukiondoka, nani ataipuliza?"

"Utaubandua huo ulimi, wapulize wenye vidole. Sasa nipishe, mwanangu, nimenyamaza mno."

Akaanza tena kutoka sauti ya chini, akikosea, akijitukana, akirudia.