Draiva ya Tochi ya Mama Mkwe

Wanjala alikuwa na ugonjwa wa tochi. Wenzake wakitoka zamu kwenye ghala la Shakopee, huko ughaibuni, huenda kulala. Yeye huingia gereji ya nyumba yake huko Champlin, akapasha chuma cha kulehemu na kufungua tochi ambayo haina kosa lolote. Mkewe, Velma, alishazoea kuokota skrubu kwenye mashine ya kufulia.

Basi mama yake Velma alipowasili kutoka nyumbani Kimilili kumlea mjukuu mchanga, na kwenye begi lake ikatoka tochi ya bati ya marehemu mumewe, ya mawe mawili makubwa, yaani betri, Wanjala alimeza mate. Aliona amepata njia ya kujijengea jina kwa mkwewe. Njia nyingine hakuwa nayo. Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono wala hawakai chumba kimoja, na kulala chini ya paa moja ni jambo la kusimuliwa sokoni. Lakini Champlin theluji ilikuwa ya magotini na nyumba ilikuwa hiyo moja tu. Wakagawana. Mama akiwa jikoni, Wanjala yuko gereji. Wanjala akitaka chai, mama anakumbuka ana nguo za kukunja ghorofani. Maneno yote yalipitia kwa Velma.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchagua draiva, kile kisahani kidogo cha saketi kinachoamua taa ipate umeme kiasi gani kutoka kwenye betri. Mezani alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikubali mawe ya kawaida ya dukani, ikatoa mwanga wa wastani na kufifia kadiri mawe yanavyochoka. Ya pili ilitaka betri za lithiamu za kuchaji. Hiyo ilimwaga mwanga wa kuanikia mahindi, haupungui hata chembe, mpaka betri zikikaribia mwisho ikazima yenyewe, pap, ili zisiharibike. Mtu mwingine angemuuliza mwenye tochi anaitumiaje. Wanjala hakuweza kumuuliza, na kusema kweli hakuona haja. Alifunga ya pili, pamoja na taa mpya.

"Amesema asante sana," Velma alimletea jibu. "Eti iko bright mpaka ng'ombe zake zitadhani kumekucha. Nimemwambia aicharge kila wiki, akasema sawa."

Wiki nzima Wanjala alitembea kifua mbele kwa ajili ya ng'ombe hao.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya mama kupanda ndege, aliingia jikoni kutafuta kikombe akidhani hakuna mtu. Sakafuni, juu ya tundu la hita linalotoa hewa ya moto, palikuwa pametandikwa kitambaa safi, na juu yake betri mbili za lithiamu, zimepangwa vizuri. Zimeanikwa.

Alielewa papo hapo, maana hata yeye alilelewa hivyo. Mawe ya redio yakichoka unayaanika juu ya bati, au unayasogeza karibu na jiko, yanapata nguvu kidogo, mnasikiliza mpira hadi dakika ya tisini. Hita ya Champlin ni ya kupasha nyayo tu. Lakini Kimilili kuna mafiga matatu na moto wa kuni, na betri ya lithiamu ikiwekwa pale inaweza kulipuka. Akilini aliliona jiko la Kimilili likiwaka moto na mama yumo ndani peke yake.

Mlango wa stoo ukafunguka, mama akatoka na sufuria mkononi. Wote wawili wakaganda. Siku nyingine Wanjala angegeuka na kumwachia Velma ujumbe, lakini ule ujumbe wa kuchaji uliopitia kwa Velma ndio huo umelala juu ya hita.

"Mama," akasema akiiangalia friji. "Nisamehe. Hayo mawe si ya kuanika. Yakipata moto yanapasuka. Yatakuchomea nyumba."

Mama akavuta leso kichwani, akageukia dirisha.

"Nilifikiri yamechoka," akaiambia theluji. "Inawaka vizuri, halafu inazima tu. Haisemi. Enzi ya Baba Velma ilikuwa inaanza kuwa nyekundu, najua imebakisha ya kunifikisha nyumbani."

"Ilikuzimia lini?"

"Jumatatu. Velma alikuwa amepeleka mtoto kliniki. Nilikuwa nashuka kule chini ya nyumba kuchukua unga, na globu ya huko imeungua. Ikazima katikati ya ngazi. Nikaogopa kuanguka, nikakaa. Nikakaa mpaka Velma akarudi."

Jumatatu Wanjala alikuwa nyumbani. Kati ya gereji na ngazi zile kuna ukuta mmoja tu. Bila shaka mama aliisikia redio yake. Karibu saa nzima mama wa miaka sabini alikaa gizani, na upande wa pili wa ukuta kuna mtu mwenye tochi kumi na saba. Globu hiyo alikuwa ameahidi kuibadilisha tangu Krismasi. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

Aliziokota betri, akabadilisha globu kwanza, ndipo akaingia gereji. Ile draiva ya majivuno aliing'oa, akafunga ya kwanza na kutia mawe ya kawaida, ambayo Kimilili yako kila duka. Mwanga ulikuwa wa kiasi. Wenzake wa kundi la tochi mtandaoni wangemcheka. Saa kumi alasiri aliirudisha jikoni, akaiweka mezani ili mikono isigusane.

"Hii haitakuwa nyekundu, Mama. Taa za siku hizi haziwi nyekundu. Lakini itafifia, utaona."

"Ififie tu. Bora iniambie."

Mama aliiwasha, akamulika dari, akamulika kiganja chake. Wanjala alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia akiitwa.

"Wanjala." Hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mama huyu. "Jumatatu ningekuita, ungekuja?"

Alitaka kujibu ndiyo upesi, kama mkwe mwema. Lakini alijijua. Angesimama nyuma ya mlango na kumpigia Velma simu kwanza.

"Jumatatu sijui, Mama," akasema. "Leo ningekuja."

Mama aliitikia kwa kichwa, macho yakiwa dirishani. Kisha akavuta kiti cha upande wa pili wa meza, akamwachia akae.