Mkono wa Mama Mashuka

Mafuta yaliyobaki chupani yalitosha kukaangia kitunguu tu, lakini asubuhi ile Mama Mashuka aliyamimina yote kiganjani. Mtu mmoja kwenye foleni ya pensheni alikuwa amemwambia kwamba vidole vikilainishwa vizuri, mistari hurudi. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akavisugua kimoja kimoja kwa subira, kama anayembembeleza mtoto aliyenuna. Kisha akavisogeza dirishani. Viling'aa. Mistari haikuwapo.

Ililiwa na dawa ya kufulia. Alifua mashuka ya hospitali ya serikali tangu usichana wake mpaka mvi zikamjaa: mashuka ya damu, ya matapishi, ya waliopona na ya waliofunikwa nayo usoni. Siku ya kustaafu walimpigia makofi, wakampa blanketi. Pensheni ikawa inaingia, kiduchu, lakini inaingia. Halafu ofisi ya mafao ikaleta mashine. Kila mstaafu aweke kidole athibitishe kwamba yu hai, kwa sababu ilisemekana wafu wengi walikuwa wakilipwa. Chake kilipowekwa, taa nyekundu ikawaka. Tangu hapo hajapata kitu.

"Mama, mfumo haukutambui," karani alimwambia siku ile, macho yake yakiwa kwenye kompyuta.

"Lakini wewe si unaniona?"

"Mimi nakuona. Mfumo ndio haukuoni."

Akapigwa danadana. Nenda dirisha lile, rudi kesho, mtandao umekatika, nenda makao makuu, nani kakutuma makao makuu? Nauli ilipomwishia akawa anakwenda kwa miguu.

Fundi cherehani wa chumba cha mbele ndiye aliyesikia redioni kwamba kuna mkutano wa kujadili namna ya kurekebisha mfuko wa pensheni, na wastaafu wenyewe wamealikwa.

"Nenda ukaseme, mama," alisema huku mguu wake ukikanyaga pedali. "Huko ndiko wanakoamulia. Lete lile gauni la bluu nilibane kidogo kiunoni."

Alilibana sana. Hakuuliza kiuno kimekwenda wapi, na Mama Mashuka alimshukuru moyoni kwa kutouliza.

Asubuhi hiyo ya mkutano, mafuta yakiwa bado yanateleza vidoleni, alivaa gauni lake akasimama katikati ya chumba, akajaribu maneno yake kwa sauti: "Naomba ambaye mashine haimsomi, aruhusiwe kuleta mtu anayemjua amshuhudie." Sauti ilimshtua. Ilikuwa imekwaruza kwa kukaa siku nyingi bila kazi. Halafu wazo likamjia: na mimi nani atanishuhudia? Mume amekufa. Binti ameolewa mbali, hupiga simu akikumbuka. Wenzake wa kufulia amewazika karibu wote. Akatoka kabla upweke haujamkalisha chini.

Ukumbini palikuwa na baridi ya kiyoyozi. Meza ya mbele ilikuwa na maji ya chupa na maua. Wastaafu walipangwa pembeni, karibu na mlango wa choo. Alipokaa, mzee wa kiti cha pili akamgeukia.

"Mama Mashuka! Bado uko hai?"

"Waulize hao waliokaa mbele."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa King'ora, dereva wa zamani wa gari la wagonjwa pale hospitalini. Mama Mashuka alimwangalia kwa furaha iliyomtia aibu. Kumbe yupo mtu anayemjua!

"Utakuja kunishuhudia?" alimnong'oneza, akamweleza.

"Hata kesho. Mashuka yako nimeyabeba garini miaka yote, nitashindwa kukubeba wewe?"

Mjadala ukaanza. Mtaalamu aliyevaa suti alionyesha michoro ukutani, akasema mfuko unakauka. Mmoja akataka umri wa kustaafu usogezwe mbele. Mwingine akataka makato yaongezwe. Kijana mmoja mwajiriwa akasimama kwa hasira: "Tunakatwa kila mwezi. Siku yetu ikifika tutakuta nini?" Mama Mashuka alitikisa kichwa kumkubalia, kijana alikuwa na haki. Ndipo mtaalamu akasema dawa ya haraka ni kuziba mianya: yeyote asiyetambuliwa na mashine aondolewe kwenye orodha ya malipo moja kwa moja, bila mashahidi, kwa kuwa mashahidi hununulika.

Mama Mashuka akanyoosha mkono.

Kule kufulia mashine zilinguruma kiasi kwamba hata ukipiga yowe husikiki. Mwenye shida alinyoosha mkono akaushikilia hapohapo mpaka msimamizi amwone. Ukiushusha, maana yake shida imekwisha. Basi naye akaushikilia. Wasemaji wakapokezana kipaza sauti, meza ya mbele wakateta, wakacheka, wakanywa maji. Bega likaanza kuwaka. Akaushika mkono kwa mkono wa pili, akiyarudia maneno yake moyoni yasije yakampotea.

"Sasa tufunge," alisema mwenyekiti akitazama saa. "Wanaoafiki pendekezo la mtaalamu, wanyooshe mikono."

Mikono ikainuka ukumbi mzima.

"Shusha!" King'ora alimvuta gauni. "Shusha, wanahesabu!"

"Bado hawajaniona."

Hapo mwenyekiti akamwona. Akatabasamu, akamnyooshea kidole. "Tazameni, ndugu zangu. Hata wastaafu wetu wenyewe wameafiki." Taa ya kamera ikammulika. Makofi yakalipuka, na yeye akasimama katikati ya makofi hayo, mkono ungali juu.

"Mimi nilikuwa naomba..."

"Asante mama, tumekuona. Karibuni chai."

Viti vikakwaruza sakafu. Maneno aliyoyapanga tangu asubuhi yalibaki mdomoni mwake, na hakuna aliyebaki wa kuyasikiliza ila King'ora, aliyekuwa akilia.

Siku waliyopanga kwenda ofisi ya mafao, King'ora hakutokea. Fundi cherehani alimpigia kwa simu yake. Mkwe wa King'ora akapokea, akasema mzee hajiwezi tena, mwanawe amekuja kumchukua, wameshaondoka.

Akaenda peke yake. Juu ya benchi la kusubiria palikuwa na picha mpya, kubwa kama mlango: mwanamke wa gauni la bluu, mkono juu, mdomo umefunguka kidogo. Chini yake waliandika, WASTAAFU TUMEAFIKI.

Aliweka kidole. Taa nyekundu.

"Umeshaondolewa, mama," karani alisema.

"Na yule pale ni nani?"

Karani aliitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama tena. Kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya. "Ni wewe," alisema polepole. "Lakini hapa sina pa kuliandika hilo." Halafu akaita, "Anayefuata!"

Mama Mashuka alirudi kwenye benchi, akakaa chini ya picha yake. Akanyoosha mkono, akaushikilia hapohapo. Foleni ikasogea mbele yake mpaka ikaisha. Karani akazima kompyuta, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mlinzi akaanza kufunga madirisha, na alipofika kwenye benchi alimzunguka, akalifunga na dirisha la nyuma yake.