Habari Isiyo na Jina

Mwalimu Josephati, mhariri wa gazeti la Nyota ya Karatu, hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Ukimpelekea habari nzuri, alikohoa tu. Ukimpelekea mbaya, aliichora kwa wino mwekundu mpaka ukaionea huruma karatasi. Kwa hiyo siku alipoisoma habari ya Hyasinta, mwandishi wake mchanga, na kusema, "Hii ukurasa wa mbele," binti wa watu nusura aanguke na kiti.

Habari hiyo aliifuata Endulen, umasaini, kwa lori la mahindi, masika ya mwaka 1963. Mfugaji mmoja alijitosa kwenye korongo lililofurika akawaokoa watoto wawili wa jirani. Yeye mwenyewe maji yakamchukua. Mjane wake, Nanyori, alisimulia yote kwa Kiswahili cha kuokoteza, bila kumtaja marehemu kwa jina. Hyasinta alidhani ni uchungu. Jina akalipata kwa wauza ng'ombe wageni mnadani, maana Mwalimu alikwisha kumfundisha kwamba mwandishi hujibu nani, nini, wapi, lini na kwa nini.

Wakaliweka jina kwenye kichwa cha habari, kwa herufi kubwa, kumpa marehemu heshima. Mimi hapa silitaji, na mtaona sababu. Katika chumba cha nyuma cha duka la Shaabani, Josephati alizungusha mashine ya stensili mpaka jasho likamtiririka, nakala zikapangwa mafungu mafungu. Hyasinta alilitazama jina lake mwenyewe, dogo chini ya kichwa cha habari, akashindwa kuzuia tabasamu.

Mara akaingia Moringe, kijana wa Endulen aliyekuwa akipeleka gazeti kwao na kuwasomea watu mnadani kwa Kimaasai. Alisoma mstari wa kwanza, akaligeuza gazeti kifudifudi mezani.

"Hili sisomi, mzee."

"Kuna kosa?"

"Kwetu mtu akifa, jina lake halitajwi tena. Nikilitamka mbele ya watoto wake, nimewatukana."

Hyasinta alitamani ardhi ipasuke immeze. Heshima yote ile imegeuka tusi! "Mwalimu," alisema, "tuweke masahihisho toleo lijalo."

Josephati alilitazama kabati la karatasi. Tangu aanzishe gazeti lile hakuwahi kukosa toleo. Si mvua wala malaria iliyomzuia, na alijivunia hilo kuliko ng'ombe wake. Karatasi iliyobaki kabatini ilikuwa ya mwezi ujao, na nyingine ingetoka Arusha, lini hakuna ajuaye. Hyasinta alijikunyata akisubiri kukaripiwa.

"Masahihisho yanarekebisha karatasi, binti," mzee alisema. "Mtoto akishasikia, masikio yake utayarekebisha na nini? Toleo la mwezi ujao halitatoka. Kaa, andika upya."

Kisha akayabeba mafungu yale mwenyewe hadi jikoni kwa mke wa Shaabani, akasimama pale mpaka la mwisho likashika moto. Wako wanaosema wahariri hawana moyo. Hao hawakumjua Josephati, na Hyasinta aliyemtazama kutoka mlangoni alijua kwamba maisha yake yote angependa kuwa mtu wa namna ile.

Siku ya mnada Hyasinta alifuatana na Moringe hadi Endulen. Nanyori alikuja, akasimama nyuma ya watu na binti yake mdogo. Hyasinta akikosea tena, mama huyu hatamsamehe.

Moringe alisoma kichwa cha habari: baba mmoja wa Endulen awaokoa watoto wawili kwenye mafuriko. Akaendelea, aya kwa aya, mpaka mwisho. Hata madalali walinyamaza.

Binti akamvuta mama yake shuka, akamwuliza jambo.

"Anasema nini?" Hyasinta alimnong'oneza Moringe.

"Anauliza huyo baba ni wa nani."

Nanyori alimwinua mtoto begani, akajibu kwa sauti iliyosikika mnada mzima, na Moringe hakuharakisha kutafsiri, maana na yeye machozi yalikuwa yamemlenga.

"Amemwambia, ni wako."