Baraza ya Mbao Mbichi

Shemeji, mke wa kaka yangu, alipotaja plastiki nilimkatiza kabla hajamaliza. Najua nina mdomo, na siku ile niliutumia vibaya.

Tulikuwa nyuma ya nyumba yao, mimi na yeye, na kaka yangu akitusikiliza dirishani, amelazwa chumba cha nyuma, mito miwili mgongoni. Ini lake lilikuwa limechoka. Mlango wa chumba kile unafungukia uani, lakini kuna ngazi tatu za kushuka, na kaka hakuweza tena hata moja. Alitaka kitu kimoja tu: baraza ya mbao iliyo sawa na kizingiti, asukumwe kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka nje, akae juani. Alikuwa amefanya kazi nje miaka arobaini. Alisema dari linamchosha kuliko ugonjwa.

Shemeji alikuwa ameziona dukani mbao za plastiki, zile za unga wa mbao uliochanganywa na plastiki. Hazitaki mafuta, haziozi, hazipindi. Mwenye duka alimwambia baraza nzima inafungwa kwa siku mbili. Nikamwambia plastiki ni ya ndoo na beseni. Kaka ndiye aliyenifundisha useremala tangu sijui kushika msumeno, leo nimjengee baraza ya unga? Kaka akaniunga mkono kutoka dirishani, akasema plastiki ikipigwa na jua inachoma makalio. Tukacheka, isipokuwa shemeji. Nilidhani amenuna kwa sababu ameshindwa.

Nikanunua mbao ngumu. Kavu hazikuwepo, zilikuwepo mbichi, zimetoka kupasuliwa juzi, nzito kama mtu aliyezimia. Hilo halikunisumbua. Nilizipanga uani chini ya dirisha lake, safu juu ya safu, na vijiti katikati ili upepo upite, juu nikafunika mabati. Mbao za unene ule zinataka miezi mitatu. Kaka alikuwa na sheria moja ambayo nilipokuwa mwanagenzi ilinipatia makofi mawili: ubao mbichi haupigwi skrubu. Ukikauka umeshafungwa, unapinda, unapasuka, na heshima yako inakwenda nao.

Ajabu ni kwamba mbao zile zilimtia nguvu. Kila asubuhi nikipita kwenda kazini aliniita nimpe kipande, akakigonga kwa kucha, akasikiliza, akakinusa, kisha akatoa hukumu: bado. Akaanza kula. Akapanga kiti cha mke wake kikae upande gani na meza ya chai iwe wapi. Mimi nikajisifu kimoyomoyo kwamba subira huvuta heri, shemeji na plastiki yake wakae pembeni. Sikutaka kuona kwamba mashavu ya kaka yalizidi kuingia ndani, wala kwamba siku za mwisho kipande nilikishika mimi, yeye akagonga tu.

Wiki ya sita shemeji alinisimamisha getini, mfuko wa dawa mkononi. Alizungumza taratibu, bila kunitazama.

"Shemeji, daktari aliniambia tangu mwanzo. Miezi miwili, ikizidi sana. Mwenyewe hajui. Nilikataa asiambiwe."

Nikamuuliza mbona hakuniambia mimi.

"Wewe ungeweza kuficha? Ukikasirika tunajua, ukifurahi tunajua. Nilisema plastiki. Sikuipenda hata mimi. Inafungwa siku yoyote, asingeuliza kitu."

Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshakufa. Nilikwenda dukani saa ileile, tayari kununua plastiki yote waliyonayo. Zilikuwa zimekwisha. Mzigo mpya ungefika mwezi ujao, alisema muuzaji, kisha akaniuliza kwa adabu kama ningependa za kijivu au za kahawia. Nikazunguka maduka mengine mawili. Huko hata hawakuwahi kuzisikia.

Nikarudi uani. Nilijiambia kaka analala muda mwingi siku hizi, dawa zimemlegeza, hatatambua. Nikaondoa mabati, nikatoa vijiti, nikaanza kufunga. Drili ilipozama, maji yalichuruzika kwenye matundu. Nilifanya kazi siku mbili, na siku zote mbili kaka hakuniita hata mara moja. Pazia lilikuwa limeshushwa. Nilishukuru, mpumbavu mimi.

Siku ya tatu, mchana, tulimtoa. Magurudumu yalivuka kizingiti bila kugonga. Kazi ilikuwa safi, hilo sitalikana. Shemeji akamfunika shuka miguuni, akamwambia atazame juu, leo hakuna hata wingu. Hakutazama juu. Alivua slipa moja, akaupitisha unyayo juu ya ubao polepole, akabaki ameinama.

"Nilisikia drili juzi," akasema.

Nikainama kuokota skrubu iliyobaki chini.

"Hizi zina wiki sita. Nimekufundisha mwenyewe, na wewe si fundi mbovu. Huwezi kuzifunga hivi mpaka umeambiwa." Akapumzika kidogo, pumzi zilikuwa chache. "Umeambiwa siku ngapi?"

Nilitaka kusema uongo. Nilitaka kusema ni haraka zangu tu, nina kazi nyingine inanisubiri mjini, mbao za aina hii hazina shida. Uongo wote ulikuwepo, ningechagua mmoja, lakini nilikuwa nimeshaanza kulia, na kulia kwangu kukamjibu.

Akamgeukia mke wake. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ulikuwa umelibeba hili peke yako."

Shemeji akapiga magoti kando ya kiti, akaweka kichwa chake kwenye shuka. Kaka akamshika begani. Hakulia, wala hakutulaumu, na ningependa angetulaumu. Alikaa pale labda dakika kumi, jua likimpiga usoni, macho yake kwenye zile mbao. Kisha akasema amechoka, tumrudishe.

Aliishi siku tisa zaidi. Tulimwachia mlango wazi siku zote tisa, na kila mchana nilimuuliza kama nimtoe kidogo. Alitikisa kichwa, akageukia ukutani.