Chokaa ya Mwalimu Mboni

Watu wa Singida Mjini hawana dogo. Ukipaka jiwe chokaa Jumatatu, kufika Ijumaa jiwe lina wenyewe. Mwalimu Mboni alilijua hilo, maana kazaliwa hapo hapo, nyuma ya duka la baba yake, na bado akakosea.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu, miaka ya ruksa. Mitumba imejaa sokoni, mabasi ya watu binafsi yanapigiana honi stendi, na kila mwenye pumzi anatafuta kiwanja. Shule ya Mboni ilikuwa imekabidhiwa kipande cha pori la mawe na migunga kilichobaki kati ya nyumba za watu na Ziwa Kindai, wanafunzi wakajifunzie mazingira humo. Wakachonga vinjia, wakabandika majina ya miti kwenye vipande vya bati. Jumamosi moja alasiri walikuwa wanatarajia wageni, wanafunzi wa shule ya Sepuka. Sasa wewe niambie, Mtanzania gani anapokea mgeni bila kupaka mawe chokaa? Mboni akaamuru kila kinjia kipangwe mawe pande zote mbili, yapakwe yang'ae. Yaling'aa kweli. Yalionekana mpaka barabarani.

Jumamosi hiyo saa mbili asubuhi akafika na wanafunzi wake kufagia, akakuta watu thelathini na kitu, mapanga mkononi, wameshagawana pori. Mmoja keshafunga kamba kutoka mgunga hadi mgunga. Mama mmoja ameketi juu ya ndoo yake katikati ya mawe, anasema hapo ndipo sebuleni.

"Mwalimu, viwanja vimepimwa!" akamwambia kwa furaha.

"Nani kapima?"

"Si hiyo chokaa?"

"Chokaa ya njia hiyo, mama! Njia ya kutembea."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Humu humu. Unazunguka, unaangalia miti na ndege, halafu unarudi."

Watu wakaangua kicheko. Mtu mzima na akili zake timamu azunguke porini halafu arudi alikotoka? Hebu mwalimu atafute uongo mwingine.

Mboni alitaka kucheka nao, akashindwa. Ofisi zote zimefungwa mpaka Jumatatu. Ukianguka mti mmoja tu, nani atakubali kuwa wa mwisho? Kufika adhuhuri pori litakuwa kipara. Akaapa moyoni: haukatwi mti hapa leo, labda waanze kumkata yeye.

Ndipo alipomwona kaka yake mkubwa, Abdulkadiri, mwenye duka, amesimama chini ya mgunga mnene kuliko yote. Panga keshalinoa. Kando yake binti yake wa mwisho, Swaumu, kakumbatia vigingi.

"Shikamoo, kaka."

"Kaa na shikamoo yako! Viwanja vinagawiwa, dada yangu ndiye mwenye chokaa, mimi naambiwa na muuza karanga. Nimekukosea nini, Mboni?"

"Hakuna viwanja, kaka. Ni pori la shule."

"Watoto sita, vyumba viwili. Wewe unalala peke yako na madaftari yako, utajua nini?"

Maneno yale yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Hata hivyo akajisogeza, akasimama katikati ya panga na mti.

"Sikilizeni nyote," akapaza sauti. "Tembeeni na mimi njia moja tu, mpaka kisimani. Atakayefika kule bado anataka kukata, nitamshikia kamba mimi mwenyewe."

Abdulkadiri akashusha panga. "Twende. Uongo wako ufike mwisho."

Wakatembea, wananung'unika. Huku wanafunzi wanawatajia miti, kule ziwani ndege heroe wamejaa, na hakuna aliyegeuza shingo. Njia ikashuka mpaka kisimani. Kisima kile kila mtu alikijua, maana maji ya Kindai ni chumvi tupu na mtaa mzima unachota hapo.

Kando ya kisima, juu ya mwamba, kulikuwa na madebe mawili ya somo la wanafunzi, yaliyokatwa ubavu na kulazwa mteremko. Moja lina udongo wenye nyasi na majani makavu, la pili udongo mtupu. Mboni akakinga glasi chini ya kila debe, akamimina kata moja moja ya maji. Debe la nyasi likatoa maji meupe, polepole. La pili likatapika matope mazito kama uji wa ulezi.

"Hili la kwanza ndilo pori lilivyo leo," akasema. "La pili ni pori mkishakata. Mvua moja tu, kilima chote kinaingia humu kisimani."

Mama wa sebuleni akaguna. Lakini macho yote yalikuwa kwa Abdulkadiri, mtu mzito mtaani. Akikata yeye, wamekata wote. Mboni akachukua glasi ya matope, akampa kwa mikono miwili.

"Haya ndiyo utakayochota, kaka."

Ubishi wa Abdulkadiri ukoo mzima unaujua. Akapokea, akasema bismillahi, akanywa mpaka nusu! Watu wakashika vinywa. Akajifuta masharubu.

"Nimekunywa na sijafa. Nipe kiwanja changu."

Mapanga yakaanza kuinuka tena. Mboni akainyooshea kidole ile nusu iliyobaki.

"Mpe na Swaumu."

Mtoto alikuwa na kiu tangu nyumbani. Akaweka vigingi chini, akanyoosha mkono.

Abdulkadiri akaitazama glasi. Akautazama mkono wa mwanawe, bado umenyooshwa. Akaimwaga yote chini.

Mama wa sebuleni akachota maji, akajitwika ndoo, akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, yule wa kamba akifungua mafundo yake kwa hasira.

Abdulkadiri akasukutua kinywa, akatema. "Jumatatu tunakwenda wote ofisi ya ardhi. Wakipima viwanja kule Mwankoko, jina langu liwe la kwanza."

"Tutakwenda, kaka."

"Na chokaa yako uifute."

"Naifuta sasa hivi."

"Mwaka mzima unafundisha watoto wa watu habari za kisima hiki. Mimi wa tumbo moja na wewe, mpaka ninywe matope ndiyo nijue. Ulishindwa kuja nyumbani siku moja ukaniambia?"

Aibu ilimpanda Mboni mpaka masikioni. Ni kweli, hakuwahi. Alikuwa amemwona kaka yake ni mtu wa kupima sukari dukani tu.

"Sikudhani ungesikiliza," akasema.

"Hukujaribu," akajibu Abdulkadiri, akamshika mwanawe mkono.